Tuulizwe Mapema: Risala ya Wanawake Waosha Dhahabu wa Busia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Wilaya yetu ya Busia, Uganda, waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa mabaraza ya vijiji (LC1) mliofika, viongozi wa dini, wazee wetu, akina mama wenzetu wa shimoni, vijana na wageni waalikwa: itifaki imezingatiwa. Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za mchana.

Mheshimiwa, karibu sana. Tumefurahi kukuona umeketi chini ya mwembe huu huu tunaokalia kila Jumamosi tukihesabu akiba zetu. Tumechagua kukusomea kwa Kiswahili, na tunayo sababu. Humu kikundini wamo Wasamia, Wagwe, Wateso, Baganda, na wenzetu walioolewa huku kutoka ng'ambo ya mpaka. Shimoni hakuna lugha nyingine inayotukutanisha sote. Anayeponda mawe anasema Kiswahili, anayenunua dhahabu anasema Kiswahili, na ukuta wa shimo ukianza kumeguka, atakayepiga kelele "Tokeni!" ataipiga kwa Kiswahili. Katiba yetu nayo tangu mwaka 2005 inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili. Tunaomba ukumbuke jambo hili la lugha, maana tutalirudia.

Mafanikio yetu hatutayachukulia muda. Tunaweka akiba, tunakopeshana karo za watoto, na tumezika marehemu wetu kwa heshima bila kuchangisha barabarani. Tunamshukuru Mungu.

Lililotufanya tukuite ni hili. Uchimbaji wa dhahabu hapa kwetu unabadilika. Wenye mitaji mikubwa wanakuja, ramani zinachorwa, leseni zinatoka Entebbe, na kila mara tunaambiwa kwamba wananchi wameshirikishwa. Tunataka kukueleza tulivyoshirikishwa.

Mwaka jana, wakati wa kupalilia mahindi, mtu alipita kijijini na kipaza sauti akitangaza mkutano wa kutoa maoni. Saa tatu asubuhi, tukaambiwa. Tuliacha kazi tukaja. Wageni walifika saa nane na nusu. Walitundika ramani kubwa ukutani, yenye nyekundu na kijani, na mmoja wao akaieleza kwa Kiingereza karibu saa nzima. Mkalimani alikuwa akitupa sentensi moja kwa kila kumi. Mama mmoja wetu akasimama akauliza: "Hapo penye nyekundu ndipo kilipo kisima chetu?" Akajibiwa kwamba maswali yatapokelewa mwishoni. Mwisho ulipofika zikaletwa soda na karatasi ya mahudhurio, na gari lilikuwa limeshawashwa.

Karatasi ile tuliitia sahihi sote. Wasiojua kuandika waliweka dole gumba. Baada ya miezi kadhaa kijana wetu anayesoma chuo alituonyesha taarifa iliyopelekwa juu. Kurasa za mwisho ilikuwapo karatasi yetu ileile, na taarifa inasema jamii imeelezwa na imeridhia. Dole la bibi yetu mmoja, aliyepita miaka sabini, lilikuwa la tatu kutoka juu. Alipoambiwa alichokiridhia, alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Mimi niliweka dole kuonyesha kwamba nilikuja."

Mheshimiwa, hatupingi uchimbaji. Dhahabu ndiyo iliyosomesha watoto wetu, na anayesema tuiache hajui bei ya daftari. Tunajua pia Katiba inavyosema: ardhi ni ya raia, na madini yaliyomo ardhini yako mikononi mwa Serikali kwa niaba ya Jamhuri. Lakini Katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 244, inataka madini yachimbwe kwa kuzingatia maslahi ya mwenye ardhi, ya serikali za mitaa na ya Serikali Kuu. Mwenye ardhi ametajwa. Utayazingatiaje maslahi ya mtu ambaye hukumsikiliza hata swali lake moja la kisima?

Tukupe mfano wa gharama ya kutouliza. Sheria ya Madini na Uchimbaji ya mwaka 2022 imepiga marufuku zebaki, ile madini ya majimaji inayonasa dhahabu. Ni sheria njema, na sisi ndio wa kwanza kuitaka, kwa sababu sisi ndio tunaoishika zebaki. Huku inauzwa kwa kipimo cha kizibo cha soda. Mama anaimimina ndani ya karai lenye mchanga aliokwisha kuuosha, anaikoroga kwa vidole vitupu, anakamua kwa kitambaa mpaka kinabaki kidonge cha kijivu kama punje ya hindi. Kisha anakiweka juu ya mkaa. Mkaa wenyewe ni ule uliochemshia chai asubuhi. Zebaki inapanda kuwa mvuke usioonekana, dhahabu inabaki inang'aa, na mtoto yuko mgongoni anavuta hewa hiyohiyo. Mvuke huo unaharibu mishipa ya fahamu, na sumu hiyo humfikia hata aliye tumboni. Inayomwagika na maji huingia mtoni, ikaingia kwenye samaki, ikaturudia mezani.

Haya tuliyajua kwa kuambiwa na wahudumu wa afya, na tuliogopa. Lakini mtu aliye na deni la karo hawezi kuacha zebaki kwa kuogopa tu. Zebaki bado inauzwa, sasa kwa kificho. Laiti tungeulizwa kabla ya marufuku, tungesema wazi: tuleteeni meza ya kutikisa inayotenganisha dhahabu kwa uzito wake, moja kwa kila eneo la kuoshea, tufundisheni kuyeyusha kwa boraksi, unga unaosaidia kusafisha dhahabu bila zebaki, na ufunguo wa chumba cha mashine ukae kwa akina mama. Tunasema ufunguo kwa makusudi. Tunafahamu mashine za misaada zinavyohamia nyumbani kwa mwanamume mmoja kabla mwaka haujaisha.

Jambo la mrabaha, yaani ada inayolipwa kwa madini yanayochimbwa, nalo lina mwiba wake. Sheria ya zamani ya 2003 ilimpa mwenye ardhi asilimia 3 ya mrabaha. Ya 2022 imepandisha hadi asilimia 5, na gombolola, yaani serikali ndogo iliyo chini ya wilaya, limepata fungu lake la asilimia 10. Tunashukuru. Ila sheria inamtaja mmiliki au mkaaji halali, na ardhi ya huku ni ya ukoo. Mjane aliyelima shamba lile miaka ishirini, siku ya fedha kutajwa, shemeji ndiye anayeitwa ofisini. Nani atalisema hilo mkutanoni akiwa amekaa jirani na shemeji huyo? Ndiyo maana tunaomba wanawake wasikilizwe peke yao kwanza, kisha tukae sote pamoja.

Wawili kati yetu walikuwa Mubende Agosti 2017, maelfu ya wachimbaji wadogo walipoondolewa na jeshi. Mmoja alifika hapa na sufuria moja na watoto watatu. Ukimwambia neno "mwekezaji" mikono yake inatetemeka. Hofu hiyo haiondolewi kwa kipaza sauti cha siku moja.

Wako pia wazee wanaotukumbusha Kilembe, kule Kasese. Uchimbaji mkubwa wa shaba ulianza mwaka 1956, na kufikia miaka ya 1980 ulikuwa umesimama. Mabaki ya mgodi yakaachwa kando ya mto Nyamwamba. Mto huo ulifurika vibaya mwaka 2013 na tena 2020, na mabaki hayo yapo njiani mwake. Aliyekula faida ya shaba ile ameshaondoka zamani. Sisi hapa mashimo yetu ni madogo, lakini tayari yamejaa maji na mbu, na mwezi wa tano ng'ombe wa jirani alitumbukia akafa. Basi kabla shimo jipya halijachimbwa tunataka kusikia nani atalifukia, kwa fedha ipi, na fedha hiyo imewekwa wapi leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunajua leseni huitoi wewe. Lakini wilaya yako ina afisa mazingira, ina baraza, na ina sauti inayosikika kuliko yetu. Tathmini ya athari kwa mazingira na jamii isipite ofisini kwako kabla hujauliza mkutano ulifanyika kwa lugha gani. Muhtasari wake ubandikwe gombololani wiki kadhaa kabla ya mkutano, kwa Kiswahili, Kisamia na Kiteso, na usomwe redioni jioni, wakati tumetoka kazini. Karatasi ya mahudhurio ibaki ya mahudhurio. Maoni yaandikwe kwenye karatasi yake, yasomwe kwa sauti mbele yetu, ndipo tutie sahihi. Na waliochukua maoni warudi. Hata kama jibu ni hapana, warudi watuambie hapana na sababu yake. Hili la kurudi ndilo linalotuuma zaidi, kwa sababu tumeshahojiwa mara nyingi na hatujawahi kurudiwa hata mara moja.

Baada ya chakula tunaomba utembee nasi mpaka kisimani, ni mwendo wa dakika kumi. Njia ina matope, gambuti tumekuandalia. Yule mama aliyeuliza swali mwaka jana ndiye atakayekuongoza, na ramani tumeipata nakala yake. Tutaitandaza pale pale juu ya mfuniko wa kisima, utusaidie kuisoma, naye ajibiwe kama penye nyekundu ndipo penyewe.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanachama wote.