Jirani amenirudishia hotpoti ikiwa na mayai, lakini watoto wake hawaji tena kwangu

Mpendwa Shangazi, shikamoo.

Ninakuandikia saa tisa za usiku nikiwa jikoni, kwa sababu tangu Jumanne sijapata usingizi na hapa nilipo sina mtu wa kumweleza. Mume wangu yuko barabarani na lori lake, hatarudi mpaka Jumamosi, na hata angekuwapo nisingeanza naye, kwa sababu utakayoiona mbele. Naomba unisome mpaka mwisho kabla ya kunihukumu, maana watu wakisikia nusu ya habari hii husema nimejitakia.

Jirani yangu hakunifokea, na hilo ndilo linaloniuma. Alikuja Jumanne jioni baada ya kukamua ng'ombe, akasimama chini ya ngazi za baraza, akavua pama lake, akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba yeye na mkewe wameona ni afadhali watoto wao wasije kwetu kwa sasa, na wa kwangu wasiende kwao. Kisha akauliza kama tumekwisha kupata kuni za majira ya baridi. Shangazi, kuni! Angenitukana ningejua pa kushika, ningemjibu, tungegombana kama majirani wanavyogombana na wiki inayofuata tungeombana chumvi. Lakini mtu anayekufungia mlango huku anakuulizia kuni, utamfanyaje?

Na si mtu yeyote, ni Mmennonite, Mkristo wa dhehebu lilelile lililonilea. Mimi nilizaliwa Shirati, mkoani Mara, Tanzania, katika hospitali ya Wamennonite, nikabatizwa katika kanisa lao, na marehemu baba alikuwa mzee wa kanisa mpaka anaingia kaburini. Jioni alikuwa akitusimulia jinsi akina Stauffer na Mosemann walivyofika Shirati mwaka 1934, wakiwa wamishenari waliotumwa na Wamennonite wa Lancaster, Pennsylvania, huku Marekani, na jinsi Zedekia Kisare alivyowekwa wakfu mwaka 1967 kuwa askofu wetu wa kwanza Mwafrika. Jina la Lancaster nililijua kabla sijajua Dodoma iko upande gani. Kwa hiyo ukisikia kwamba leo Mmennonite wa Lancaster hiyohiyo ananiambia watoto wake wasikanyage kwangu, nadhani utaelewa kwa nini silali.

Tulikuwa Baltimore miaka tisa. Mtoto wetu mkubwa alipofikisha miaka kumi na minne alianza kurudi nyumbani usiku na vijana tusiowajua wazazi wao, na mume wangu, ambaye kwa kazi yake hulala nyumbani siku chache kwa mwezi, akasema hatakubali kupigiwa simu ya msiba akiwa njiani. Akapata nyumba ya kupanga mashambani, karibu na Ephrata, huku Lancaster, kwa kodi iliyo chini ya ile tuliyokuwa tukilipa mjini, akaniambia, "Wewe si Mmennonite? Basi nakurudisha kwenu." Nilicheka. Leo nikimwambia kwamba alituhamisha bila kuniuliza hunikumbusha kicheko kile, na ni kweli nilicheka, lakini kucheka si kukubali, na tena nilikuwa nimechoka.

Nilikuja nikitarajia kutambuliwa, na sioni haya kulisema. Nilidhani nikitaja Shirati watanishika mkono na kuniuliza habari za Bukiroba na Mugango, vituo vingine vya misheni yetu. Jirani yangu wa kike alikuja siku ya tatu na mkate wa moto na chupa ya achari ya matango, nikamkaribisha, nikamweleza yote, kuanzia hospitali mpaka kwaya ya mama yangu. Akatabasamu kwa adabu, akaniuliza kama kwetu mvua inatosha. Nilikuja kuelezwa baadaye na mchungaji wa kanisa la mjini, ambalo ndilo lenye uhusiano na kanisa letu la nyumbani, kwamba hawa wa kwangu ni wa mapokeo ya kale, waliokwisha kujitenga na wenzao mwaka 1893, na wao hawapeleki wamishenari popote. Waliofika Shirati walitoka kwa wale wengine. Mwaka 1927 hawa wa kale nao wakagawanyika tena kwa sababu ya motokaa, na majirani zangu ni wa upande uliokataa. Nilikuwa nimebeba barua ya utambulisho, nikagonga nyumba ambayo haikuandikiwa.

Hata hivyo tulipendana, Shangazi, na hilo mtu asiniambie kwamba nimelibuni. Wewe unawajua watu wa namna hii: umeme wanao, simu ya mezani wanayo, ila hawana televisheni, wala intaneti, wala gari. Wanakwenda kanisani kwa magari ya farasi meusi (ya Waamishi wa hapa, dhehebu jingine la mapokeo ya kale, ni ya kijivu, usije ukayachanganya kama nilivyoyachanganya mimi mbele yao), vijana wao wanapanda baiskeli, na trekta lao lina magurudumu ya chuma ili mtu asishawishike kulifanya gari la kwendea mjini. Nilihudhuria ibada yao mara moja, wanawake upande wao na wanaume upande wao, wakiimba polepole kwa Kijerumani bila kinanda, na mimi niliyekulia kwenye vigelegele nilikaa pale kama mgeni kwenye matanga ya watu nisiowajua. Sikurudi tena, wala hakuna aliyeniuliza kwa nini sikurudi. Lakini Jumatatu tulianika nguo pamoja kila mtu kwenye kamba yake, tukipungiana mikono. Binti yangu, ambaye sasa ana miaka kumi na mitatu, alishikana na binti yao wa miaka kumi na minne kama pete na kidole. Huyo wa kwao amemaliza darasa la nane msimu wa kuchipua uliopita, na kwao shule ndiyo imekwisha, tangu mahakama ya juu kabisa ya nchi hii ilipokubali jambo hilo kwa Waamishi mwaka 1972. Hilo nalo lilianza kunitia wasiwasi, maana binti yangu alishaniuliza kwa nini yeye asiache shule ajifunze kushona. Kwa hiyo ukitazama vizuri, huenda ningepaswa kufurahi kwamba wametenganishwa. Sifurahi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Bustani yao ya mboga huota mchicha wenyewe, mwingi, na wao huung'oa kama magugu na kuwatupia nguruwe. Mwezi wa tisa niliomba kuuchuma, jirani akacheka mpaka akakaa chini, hakuamini kwamba mtu mzima anaomba magugu. Nikaupika kwa karanga, nikasonga ugali, nikamwita yeye na mabinti zake watatu. Alikula kwa mkono, Shangazi. Alitazama jinsi ninavyolifinyanga tonge, akajaribu, likavunjika, akajaribu tena, kofia yake nyeupe ikiwa imepinda kidogo kwa kicheko, na alipopata la tatu akaliinua juu ili mabinti waone. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu Baltimore. Nikachukua video ya sekunde 40, nikaituma kwenye kundi la ukoo nyumbani, nikaandika, "Hawa ndio Wamennonite wenyewe, siyo nyinyi."

Sikujua kwamba ni kosa. Ndugu mmoja wa kule aliichukua akaiweka mtandaoni, na watu wakaandika kama wanavyoandika: nani kawatoa hawa makumbusho, nani kamroga mzungu akala magugu. Nilipoiona nilimwomba aiondoe, akaiondoa, lakini ilikuwa imeshasambaa. Majirani zangu wakiwa na safari ya mbali huajiri dereva, mama mmoja wa hapa mwenye gari. Mama huyo aliiona kwenye simu yake, na wakiwa wanasubiri nje ya kliniki akamwonyesha jirani yangu. Fikiria anaonyeshwa uso wake kwenye simu ya mtu, unacheka, na chini yake maneno ya lugha asiyoijua.

Nimesema sikujua. Nimefuta sentensi hiyo mara mbili, na mara zote mbili nimeirudisha. Nilijua kwamba hawapendi kupigwa picha. Mwaka jana, wakati wa kuvuna mahindi, niliinua simu na yeye akageuka taratibu akanipa mgongo, akaendelea na kazi yake, nami sikuhitaji kuelezwa. Amri ya sanamu ya kuchonga nimeikariri tangu utoto, ijapokuwa kwetu haikuwahi kumzuia mtu kupiga picha ya harusi. Ndiyo maana siku ya ugali simu sikuishika mkononi. Niliiegemeza kwenye pakiti ya unga. Lakini nilifanya hivyo kwa upendo, na nadhani kuna tofauti kati ya mtu anayepiga picha ili auze na mtu anayepiga ili dada zake waone kwamba hayuko peke yake ugenini. Je, hakuna tofauti?

Basi, pale kwenye ngazi, jirani alisema neno moja ambalo sijakuambia. Alisema, "Tunajua watoto hawaelewi mambo haya." Alidhani ni binti yangu, kwa sababu ndiye anayeonekana na simu siku zote. Nami sikusema kitu. Haikuwa hila, nilikuwa bado natafuta maneno, na kabla sijayapata alikuwa ameshavaa pama lake anavuka barabara. Usiku ule nikampigia mume wangu kumweleza kwamba majirani wametukataa kwa sababu ya video, na yeye bila kuuliza zaidi akaagiza simu ya binti ichukuliwe kwa mwezi mzima. Nikaichukua. Binti yangu alinipa bila kubisha, akanitazama, akapanda ngazi kwenda kulala. Anajua nani alituma. Yeye naye yumo kwenye kundi la ukoo.

Nisingetaka ukae hapo sana, kwa sababu mambo ya simu ya mtoto nitayamaliza mwenyewe ndani ya nyumba, na mwezi si mrefu. Kinachoniumiza ni yule mzee kusimama pale na kofia mkononi. Amenihukumu bila kunipa kesi. Kwetu mtu akikosewa husema, watu huitwa, mnakaa, kila mmoja anatoa lake. Baba alitusimulia mara nyingi habari za Uamsho wa mwaka 1942 pale Shirati, jinsi wamishenari na waumini Waafrika walivyosimama mmoja baada ya mwingine wakaungama wao kwa wao, mzungu akimwomba Mwafrika msamaha mbele ya kanisa zima, na baba alikuwa akisema kwamba siku ile ndiyo kanisa lilizaliwa, si ile ya 1934. Mimi nimelelewa katika kuambiana ukweli. Hawa wenye kunyamaza na kuulizia kuni siwawezi.

Jana asubuhi nimekuta hotpoti yangu kwenye baraza. Ni ile niliyompelekea mkewe maandazi wiki mbili zilizopita. Imeoshwa ikang'aa, na ndani yake mna mayai kumi na mawili, kila moja limefungwa kwa kipande cha gazeti lisigongane na jingine. Hakubisha hodi. Wewe unajua kwamba kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, na kikirudi na kitu ndani maana yake udugu unaendelea. Lakini kurudishwa alfajiri, bila hodi, mbwa wetu asibweke hata mara moja, maana yake nini? Ni salamu, au amenilipa ili tusidaiane? Nimekaa na hotpoti hii mbele yangu usiku kucha kama mtu anayesoma barua.

Nilimwambia mume wangu kwa hasira kwamba nataka turudi Baltimore. Akafikiri kidogo, akasema sawa, mkataba wa nyumba unakwisha mwezi wa tatu, tutatafuta. Hapo nikamkasirikia zaidi. Nilimtaka abishe. Kijana wetu mkubwa amekuwa mtu mwingine hapa: Jumamosi humsaidia jirani kupakia nyasi kavu, analipwa, analala saa tatu, na Jumanne mzee huyohuyo alimwambia yeye anaweza kuendelea kuja kazini. Yaani aliyekatazwa ni binti. Aliyekatazwa ni mtoto ambaye hakufanya kitu, na mimi ndiye ninayejua hivyo, pamoja naye.

Naomba unishauri, Shangazi, kama mtu unayewafahamu watu hawa: je, nihame, au nivumilie mpaka wanisahau? Nimefikiria pia kumwandikia jirani yangu barua, kwa kuwa kwa maandishi naweza kupanga maneno, nikamweleza tu kwamba kumetokea kutoelewana, bila kuingia sana katika nani alifanya nini. Au ni lazima nivuke ile barabara kwa miguu yangu? Na nikivuka, nianze na yeye, au nianze na binti yangu, au nimsubiri mume wangu Jumamosi nimwambie kwamba adhabu ile aliiweka mahali pasipo pake? Niambie cha kwanza ni kipi, maana vyote nikivifikiria kwa pamoja najikuta nimerudi jikoni hapa.

Kama unaweza, nijibu kabla ya Jumamosi. Basi la shule linapita saa moja kasorobo, binti yangu ataamka sasa hivi kutafuta cha kula, na humu ndani hakuna kingine isipokuwa haya mayai ambayo sijathubutu kuyagusa.

Ni mimi,
Mama wa Watatu, Pennsylvania