Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Kaunti ya Mombasa: saruji inaila nyumba yetu

Mheshimiwa Waziri,

Salaam aleikum. Nakuandikia habari ya nyumba moja ya shamba, ng'ambo ya kivuko, ambayo tangu zamani ni shule ya bweni. Jina silitaji, maana bodi yake ina hasira za karibu na mimi nina mpwa anayesoma humo.

Nililala humo miaka minne. Bweni letu lilikuwa jembamba kama ujia, na hatukujua kwa nini mpaka fundi mmoja mzee alipotuonyesha dari. Nyumba za kale hupimwa kwa boriti, akasema, na boriti ni mkoko. Haufiki urefu wa kuvuka chumba kipana. Basi vitanda vilipangwa safu moja, na cha mwisho, penye dirisha, ndicho kilichopata upepo wa bahari. Tulikigombania kila muhula ukifunguliwa.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mpwa wangu. Kuta zimepigwa plasta ya saruji na rangi ya mafuta juu yake. Nilipoegemea, kipande kikubwa kama sinia kikadondoka. Nyuma yake chumvi nyeupe kama unga, na jiwe la matumbawe linalochimbika kwa kidole.

Mkandarasi atakwambia nyumba imezeeka. Si kweli. Matumbawe hunyonya maji. Chokaa huyaacha yatoke. Saruji huyafungia ndani, na chumvi yake ikigandia humo hulipasua jiwe. Waashi wetu wa zamani hawakutumia chokaa kwa umaskini.

Sasa nasikia kuna wanaotaka nyumba ibomolewe, na wengine wanaotaka wanafunzi waondolewe iwe makumbusho. Hao wa pili wana nia njema, lakini nawaogopa vilevile. Nyumba isiyolalwa, hapa petu, mchwa na popo huirithi upesi.

Wenzetu wa Stowe, kule Buckinghamshire, Uingereza, walifika njia panda hiyo. Lilikuwa jumba la ukoo wa kitajiri mno, mpaka Duke wa pili wa Buckingham akafilisika; mwaka 1848 vyombo vyake vikanadiwa siku 40. Mwaka 1923 likafunguliwa kuwa shule ya bweni, na wavulana 99 wa mwanzo. Matengenezo ya jumba lile shule peke yake isingeyaweza. Mwaka 1989 bustani zikapewa National Trust, shirika la kuhifadhi turathi, na mwaka 1997 jumba likaundiwa amana ya kulihifadhi. Watoto hawakuhamishwa, shule imo humo hadi leo. Nasi, Mheshimiwa, tunayo wakfu tangu enzi za mababu, nani wa kutufundisha?

Ninayokuomba ni haya. Simamisha saruji kabla ya masika. Waandikie Makumbusho ya Taifa ya Kenya ili nyumba ikaguliwe na, ikistahiki, itangazwe kwenye Gazeti la Serikali chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006. Kisha uwaite wenye nyumba na bodi mkae kitako juu ya wakfu, shule ikiwa mpangaji. Fundi wa chokaa atafutwe Mji wa Kale.

Ukija kuiona, njoo kabla ya kengele ya saa nne, watoto wakiwa madarasani. Kile kipande cha plasta ninacho, nimekifunga kwenye gazeti. Nitakuja nacho.

Wako,
Mwanafunzi wa zamani