Wanaofyatua upya santuri za zamani wataje chanzo cha sauti

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie santuri za muziki wa dansi wa zamani ambazo siku hizi zinafyatuliwa upya, nyingi huko Ulaya. Nafurahi kwamba muziki wetu unathaminiwa, lakini kila jalada linapaswa kueleza bayana kama sauti iliyomo imetolewa kwenye tepu ya awali ya studio au imenakiliwa kutoka kwenye santuri kuukuu.

Tofauti hiyo inasikika. Ninayo rumba moja iliyofyatuliwa Nairobi miaka ya 1970 kwenye santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, maneno upande wa kwanza na magitaa upande wa pili, kama ilivyokuwa desturi. Ninayo pia kwenye santuri kubwa ya toleo jipya. Nimezisikiliza kwa sindano ile ile na kwa sauti iliyolingana, kwa kuwa inayovuma zaidi huhadaa sikio. Kwenye santuri ndogo, pamoja na mikwaruzo yake, gitaa la besi linajitenga vizuri na manyanga yanasikika punje kwa punje. Kwenye toleo jipya mikwaruzo imeondolewa, lakini manyanga yamebaki mvumo tu, na kila mwimbaji anapotamka "s" sauti inachoma masikio.

Kasoro ya hiyo "s" huenda inatokana na wimbo kuwekwa mwisho wa upande, karibu na lebo, ambako duara ni dogo na sauti nyembamba hubanana. Hilo naweza kulivumilia. Manyanga kufifia ni jambo jingine: ndivyo inavyokuwa santuri iliyochakaa inaponakiliwa kisha ikasafishwa kupita kiasi, maana kilicholiwa na sindano kwa miaka hakirudishwi na fundi yeyote.

Bendi nyingi za Tanzania zilifyatuliwa santuri zao Nairobi kwa sababu hapa hapakuwa na kiwanda, na si tepu zote za wakati ule zilizotunzwa. Tepu ikiwa imepotea, kunakili santuri si kosa, ilimradi itafutwe nakala iliyotoka kiwandani mapema, kabla kalibu ya chuma ya kufyatulia santuri haijachakaa, na namba iliyochongwa kando ya lebo yake iandikwe kwenye jalada ili mnunuzi ajue analipia nini.

Mpenzi wa santuri,
Tanga