Shangazi, usitutumie kontena

Shikamoo shangazi, na Bwana asifiwe.

Najua utaisoma barua hii kwenye simu, ndani ya basi huko Leicester, Uingereza, na najua hutapenda kuona nimeianika mbele za watu. Lakini lile neno ulilosema kwenye kundi la familia, kwamba kanisa linalouza nguo za sadaka halina tofauti na wauza njiwa waliofukuzwa hekaluni, nimelisikia pia hapa Malindi baada ya ibada, tena kwa watu ninaowaheshimu. Basi nikikujibu wewe nimewajibu wote, na mwishoni nitafika kwenye hilo kontena la nguo mnalotaka kututumia.

Uliondoka kabla duka letu la kanisa halijaanza, kwa hivyo nikusimulie. Mwaka 2018 Mto Sabaki ulipofurika na watu wa Magarini wakahamia kambini, kanisa lilitangaza linakusanya nguo. Zikaja, zikaja mpaka zikawa balaa. Hoteli zikaleta mashuka na mapazia. Wazungu wanaofunga nyumba zao msimu wa watalii ukiisha wakaleta nguo za kabati nzima, na humo mlikuwa na koti la theluji lenye manyoya shingoni. Aliyelibeba hadi Malindi alitarajia baridi gani, Mungu ndiye ajuaye. Vilivyofaa vilipelekwa kambini bure, na hakuna aliyelalamika. Vilivyobaki vikarundikwa chumba cha nyuma ya madhabahu, panya wakaanza kuzalia humo. Kina mama wakasema hivi tuviuze kwa bei ya chini, pesa iende kwa wagonjwa na karo.

Kina mama wale hawakuwa na habari za Oxford, lakini Oxford nako yalikuwa hayo hayo. Mwaka 1942 Ugiriki ilikuwa mikononi mwa Wajerumani na wenzao, na njaa ilikuwa inaua watu. Wakazi kadhaa wa Oxford wakakutana katika kanisa la St Mary, kasisi wake T. R. Milford akiwa mmoja wao, wakaunda kamati ya kutafuta njia ya kuwafikishia Wagiriki chakula. Vita vilipokwisha wakaomba nguo. Watu wakatoa kupita kiasi, na ziada ikatafutiwa duka, namba 17 Broad Street. Hiyo kamati ndiyo shirika la misaada la Oxfam la leo, na duka lile bado lipo. Panda treni siku moja ukalione, ni nchi hiyo hiyo uliyomo.

Ukisema hao walikuwa kamati tu, si kanisa, haya, twende Boston. Mwaka 1902 mchungaji Mmethodisti, Edgar Helms, alikuwa na kanisa kwenye mtaa wa maskini uliojaa wahamiaji wasio na kazi. Akaenda nyumba za matajiri akiomba nguo na viatu vilivyochakaa. Aliporudi navyo hakuvigawa hivi hivi. Aliwapa kazi walewale wasio na kazi, wakashona na kutia viraka, vitu vikauzwa kwa bei nafuu na mauzo yakawalipa mshahara. Hapo ndipo lilipotoka Goodwill, shirika la Marekani lenye maduka ya vitu vilivyotumika. Na kabla yake, miaka ya 1890, William Booth wa Jeshi la Wokovu alikuwa ameshawatuma maskini wa London kukusanya vikuukuu nyumba kwa nyumba. Kwa hivyo shangazi, kuuza hakukuja baadaye kwa tamaa ya wazee wa kanisa. Tangu mwanzo mpango wenyewe ulikuwa huo.

Nami naona walikuwa na sababu. Kule kambini nilimwona mama akipewa viatu vinavyompwaya hadi kisigino kinachungulia nje, akasema ahsante, kwa sababu kwenye foleni ya bure hakuna neno lingine la kusema. Dukani mambo ni mengine. Jumamosi moja, duka lilipokuwa bado linauza kila aina ya nguo, mzee mmoja alishika shati la mikono mirefu, akageuza kola, akalivuta mshono wa kwapani, akahesabu vifungo. "Hii shingo imeliwa," akasema. Limeandikwa shilingi 80, yeye anataka 50. Wakavutana na muuzaji karibu nusu saa, likaondoka kwa 50, na mzee akapita nje akiwaonyesha vijana wa bodaboda jinsi alivyowakomesha watu wa kanisa. Nani angemwonyesha mtu shati la msaada?

Fundi cherehani wetu naye hula humo humo. Januari ndipo utakapomhurumia: sare za shule zilizowabana watoto wa hawa zinapunguzwa na kuongezwa ziwatoshe watoto wa wale, na sweta zinaisha kabla hajanyanyua kichwa.

Jambo ambalo hujalifikiria ni wale kina mama wa sokoni. Mama wa mitumba hununua beli kwa maelfu, analifungua hajui atakutana na nini. Kamera, yaani nguo nzuri kabisa, zinaondoka asubuhi, na fagia, yale mabaki mabaya, inamkalia wiki nzima. Sisi vitu tunapewa bure, tungeweza kumfunga duka kwa mwezi mmoja. Machi 2020, corona ilipoingia, serikali ilipiga marufuku kuingiza mitumba hadi Agosti, nao wakaja kwetu wakitafuta mali. Tangu hapo tukaelewana: duka linabaki na sare, vyombo na mashuka, nguo nyingine wanazichukua wao kwa jumla. Kuna wazee wa kanisa ambao mpaka leo wanaona tunapoteza pesa. Waache waone.

Sasa hilo kontena. Wewe unajitolea kwenye duka la kanisa huko, unajua si kila kinachotundikwa kinanunuliwa. Ziada huuzwa kwa wafanyabiashara kwa kilo, inafungwa mabeli, na mengi huishia Afrika. Ya Kenya hushuka bandarini Mombasa, yanaenda Kongowea, na kutoka Kongowea yanatufikia huku. Gauni ulilolitundika likakosa mteja linaweza kufika Malindi bila wewe kulipia chochote. Kontena lako litadaiwa ushuru na gharama za bandari, na likipita salama litawashukia kina mama wale wale niliokueleza. Zile pesa mlizochangishana rudisheni, au mnunulieni fundi wetu cherehani ya pili ili amchukue kijana wa kumfundisha.

Na ukija Desemba, kwenye begi nitilie zipu ndefu za magauni, nyeusi na bluu, na sindano za cherehani namba 14 na 16. Za hapa zinakatika kwenye jinzi.

Wako mtiifu, hata kama nimekubishia,
Mtoto wa kaka yako