Mdogo wangu, usiidharau printa

Assalam alaykum mdogo wangu, natumai huko Wete hamjambo na mama kifua kimetulia. Voisi yako nimeisikiliza yote mpaka mwisho. Unataka usalama wa mtandao, unataka kuwa haka (mjuzi wa kupenya mifumo ya kompyuta), unauliza usome kozi gani na ununue laptopu gani. Nakujibu hadharani maana wenzako wa skuli nao wananijazia inboksi kwa maswali haya haya na mie nimechoka kuandika kitu kimoja kila siku.

Tuanze na ile nafasi unayoikataa. Umesema kuna ofisi hapo Chake wanakutaka ukajitolee lakini "wataniweka kwenye printa na waifai tu". Yakhe, nenda kesho asubuhi.

Februari 2016 wezi waliingia kwenye mitambo ya Benki Kuu ya Bangladesh, wakaomba karibu dola bilioni moja zihamishwe kutoka akaunti ya benki hiyo iliyoko New York, nyingi zikazuiliwa lakini dola milioni 81 zikafika Ufilipino. Sasa sikiliza, pale benki kulikuwa na printa inayochapa rikodi za miamala, siku hiyo watu wanaingia kazini wanaikuta kimya, wakaona aa, printa ndo zilivyo hizi, wakaendelea na mambo yao. Kumbe wezi ndio walioizima ili karatasi zisitoke. Na njia waliyoanzia kujipenyeza ni barua pepe za mtu anayejifanya anaomba kazi, katia na linki ya CV yake. Hapo hakuna mtu kavaa kofia gizani anachapa herufi za kijani. Kuna mtu kabofya CV, na kuna printa iliyopuuzwa.

Au chukua WannaCry, Mei 2017, ile programu ya wahalifu iliyofunga kompyuta za hospitali Uingereza. Kiraka chake, yaani apdeti ya kuziba tundu iliyopitia, Microsoft walishakitoa Machi mwaka huo huo. Watu hawakuapdeti, basi.

Na hapa kwetu ni vile vile. Hoteli niliyokuwa nafanya kazi, upande wa mashariki huku, ilikuja imeili ya fundi wetu wa AC, anasema kabadilisha akaunti ya benki, ankara ya mwezi huu ilipwe kwenye namba mpya. Nembo yake ipo, sahihi ipo, kiasi ndicho. Mama mmoja mhasibu, hajui Linux (mfumo wa kuendeshea kompyuta, kama Windows) wala hataki kuijua, akaniita akanambia hebu njoo usome hii, fulani kaanza lini kutuandikia Kingereza cha namna hii? Kila mwezi yule bwana anaandika "habari za kazi mama" halafu ankara, kwisha. Nikaangalia anwani herufi kwa herufi: kwenye jina la kampuni yake mna m, na hii wameweka r na n zimebanana, ukiipitia haraka haraka unasoma m. Tukampigia fundi simu kwa namba tuliyokuwa nayo zamani, sio ile iliyoandikwa kwenye imeili (hilo likae kichwani), akashangaa. Aliyeikamata ni yule mama kwa sababu anaijua kazi yake ya kila siku. Mie nilikuja kutia maelezo tu.

Ndio nakwambia nenda kwenye printa. Huwezi kuona kitu kimekwenda kombo kama hujui kikiwa sawa kinakuwaje. Ukae na rauta, kile kisanduku kinachogawa intaneti, ujue nani anaingia kwenye sava (kompyuta kuu ya ofisi) saa ngapi, logi, yaani rikodi za yanayotokea kwenye mfumo, za siku ya kawaida zinafananaje. Kazi nyingi za mwanzo kwenye fani hii ni kusoma logi na kuandika ripoti ambayo bosi asiyejua kompyuta ataielewa, kwa hiyo na insha zako zile za skuli usizitupe.

Kusoma: netiweki kwanza, kisha Linux, vyengine baadaye. Cisco wana kozi za bure na programu ya Packet Tracer unajenga netiweki bila kununua hata waya. Tovuti ya OverTheWire ina mchezo wa kujifunzia Linux unaitwa Bandit, ni maandishi matupu, bando lako dogo litatosha. Ukishakomaa kuna mafunzo ya PortSwigger kwa usalama wa tovuti, bure pia. Chuo, SUZA hapa Tunguu utapata msingi wa kompyuta, na UDOM kule Dodoma wana shahada yenyewe ya usalama wa mtandao, mama akikubali uvuke bahari. Vyeti vya kimataifa kama Security+ ni mamia ya dola, subiri, atakuja mwajiri akulipie au utajilipia mwenyewe. Mtu akikwambia wiki mbili anakufanya haka, mwache na wiki zake.

Halafu Kali Linux, ile Linux iliyojaa zana za kupima usalama. Najua umeshaipakua. Ichezee kwenye mashine zako mwenyewe ndani ya VirtualBox (programu ya kuendesha kompyuta ya kubuni ndani ya yako), sio kwenye waifai ya jirani wala mfumo wa matokeo wa skuli, hata kama unajaribu tu, hata kama unataka kuwasaidia waone tundu lao. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatufika na sisi Zanzibar, kuingia bila ruhusa faini yake inaanzia shilingi milioni 3 au jela kuanzia mwaka mmoja, au vyote viwili. Ruhusa iwe ya maandishi.

Laptopu, usinunue mpya. Laptopu aina ya ThinkPad ya mtumba yenye SSD (diski ya kasi) inatosha, RAM, yaani memori ya kufanyia kazi, ya GB 8 utajikongoja, 16 ndio raha. Darajani nitakuangalizia. Ukiiona huko huko nitumie picha ya sifa zake kabla hujalipa, na muuzaji wa mtandaoni akikwambia tuma pesa kwanza mzigo unakuja na boti ya kesho, mpe namba yangu tuzungumze.