Barua kwa mpwa wangu anayetaka kuhamishwa kutoka Tabora

Mpwa wangu,

Marahaba. Shikamoo yako ya juzi kwenye simu niliipokea, ila uliitoa kwa sauti ya mtu aliyefiwa, na mama yako aliponieleza nikaelewa. Majina ya kidato cha tano yametoka, jina lako limo, PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, Tabora Wavulana, na tangu siku hiyo hulali. Unataka baba yako aende kwa afisa elimu kuomba uhamisho, upate shule ya hapo hapo Lindi, au ikishindikana basi Mtwara. Nakuandikia hadharani, kwa ruhusa ya mama yako, kwa sababu kila mwaka majina yakitoka napigiwa simu za namna hii na nyumba tatu nne za ukoo wetu, na jibu langu kwa wote ni moja. Usihame.

Ni mbali, sibishi. Utapanda basi hadi Dar es Salaam, utalala, kisha utaanza safari nyingine ya kukatiza Morogoro, Dodoma na Singida. Lakini Tabora ni mji uliozoea wageni kabla hata ya shule. Misafara kutoka Bagamoyo ilikuwa ikifika hapo, halafu njia zinagawanyika, hii inakwenda Ujiji, ile inapanda kuelekea Ziwa Viktoria. Reli ya kati ya Wajerumani ikaingia mwaka 1912. Miaka kumi baadaye, 1922, Waingereza wakafungua shule ya serikali, na ndiyo hiyo unayoikimbia.

Waliifungua kwa ajili ya watoto wa machifu. Hesabu yao ilikuwa kwamba watoto hao wajifunze kusoma, kuandika na kuendesha mambo ya baraza na kodi, wakirudi makwao wawatawale wenzao kwa niaba ya mkoloni. Ilikuwa nia mbaya, na mimi sitaipamba. Ila ili kuwapata watoto wa machifu wa nchi nzima ilibidi wakusanywe kutoka kila upande, walale bweni moja, wale bwalo moja, wasalimiane asubuhi kwa lugha ambayo kila mmoja anaielewa. Hilo la pili likawa kubwa kuliko lile la kwanza.

Angalia. Mwaka 1937 alifika hapo kijana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, Kambarage Nyerere, wakati huo hajabatizwa, hana hata jina la Julius. Alikaa hadi 1942. Abdallah Fundikira, wa ukoo wa utemi wa Unyanyembe, alisoma hapo hapo nyumbani kwao. Rashidi Kawawa, mzaliwa wa Songea, naye alipita Tabora. Musoma, Tabora na Songea, chukua ramani uone zilivyokaa mbalimbali. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, wote watatu walikuwamo serikalini. Na mwaka 1963 serikali hiyo hiyo, ikiongozwa na mtoto wa mtemi, ikaufuta uchifu. Shule iliyojengwa kwa ajili ya machifu ikabaki, machifu wakaondoka. Mwaka uliofuata ada ikaondolewa sekondari, na mtoto wa mkulima akapata kitanda kile kile.

Wewe mwenyewe ada hutalipa, kwa sababu tangu mwaka 2022 kidato cha tano na sita ni bure tena. Kuna michango na vifaa vya kwenye fomu ya kujiunga, hivyo nitavishughulikia mimi. Usiwaze pesa.

Kuna jambo lingine nimelifikiria sana tangu juzi. Mpango wa serikali wa kuendeleza sekondari ulipoanza mwaka 2004, kila kata ikahimizwa kujenga sekondari yake, na bila hizo shule za kata wewe leo usingekuwa na cheti cha kidato cha nne. Nazitetea mbele ya yeyote anayezidharau. Lakini zimebadilisha kitu ambacho hakizungumzwi vya kutosha. Miaka minne umesoma na watoto wa jirani. Umetoka asubuhi, umerudi kwa mama jioni, umekula naye. Rafiki zako wote wanaijua nyumba yenu, na baba zao wanamjua baba yako. Zamani mtoto wa Lindi alipelekwa Mara akiwa na miaka kumi na minne. Siku hizi, kwa wengi wenu, kidato cha tano ndiyo mara ya kwanza nchi inakushika mkono na kukuambia nenda ukalale na watu usiowajua. Ukihama, utakuwa umeikataa.

Nikusimulie yangu. Mwaka 1994 nilipangiwa shule ya Nyanda za Juu Kusini. Sitaitaja jina, kwa sababu nina malalamiko nayo mpaka leo. Bomba lilikauka karibu muhula mzima na tulikuwa tunateremka mtoni na ndoo saa kumi na moja alfajiri, kabla ya mchakamchaka. Uji ulikuwa maji. Mwalimu wa zamu alikuwa akipita bwenini na fimbo kabla kengele haijagongwa. Na mimi, njuka, mwanafunzi mgeni wa pwani, nilifika mwezi wa saba na shuka mbili na kikoi. Baridi ya kule inaingia kwenye mifupa ya vidole. Usiku wa kwanza nilivaa nguo zote nilizokuja nazo, nikalala nimekunja magoti, na meno yangu yakawa yanagongana mpaka dabo deka, kile kitanda cha juu na chini, ikawa inalia.

Juu yangu alikuwa kijana wa Makete. Hatukuwa tumesemezana hata neno. Nikasikia anashuka gizani, tranka linafunguliwa, halafu kitu kizito kikaniangukia. Blanketi la kijivu, lina mstari mwekundu pembeni, linanuka moshi wa kuni wa jikoni kwao. "Wewe wa pwani utakufa humu," akasema, akapanda kulala. Alikuwa nayo mawili. Nililitumia lile mpaka mtihani wa kidato cha sita.

Wiki hiyo ya kwanza nilikuwa nimeshamwandikia babu yako barua ya kuomba uhamisho. Kurasa tatu, na machozi yalichafua wino. Sikuwa na hela ya stempu, nikaiweka chini ya godoro. Baadaye likaja furushi la korosho kutoka nyumbani, nikagawana na yule wa Makete, na alizila moja moja kama anazihesabu. Tukaanza kupiga msuli wa masomo pamoja usiku baada ya prepu, zile saa za kujisomea, yeye hesabu, mimi Kiingereza. Alikuwa ananicheka lafudhi, nami namcheka yake. Stempu nilipoipata, sikuwa tena na haja nayo.

Huyo mtu unamjua. Babu yako alipofariki tulizika jioni ile ile, na siku ya tatu, tukiwa kwenye kisomo, akatokea mtu mrefu aliyevaa koti zito katika joto letu lile. Alikuwa ametoka Makete, amesafiri siku mbili. Aliketi mkekani na wazee, hajui dua hata moja, akainamisha kichwa mpaka mwisho. Ulinivuta shati ukaniuliza, mjomba, huyu ni ndugu yetu wa upande gani? Nilikuwa na kazi ya kupokea watu, nikakwambia nitakueleza. Basi ndiyo ninakueleza sasa.

Sitakudanganya kwamba Tabora kutakuwa na raha. Ni shule ya vipaji maalumu, na wewe uliyezoea kuwa wa kwanza darasani utakaa na vijana arobaini ambao wote walikuwa wa kwanza. Jaribio la kwanza la fizikia litakuumiza. Mwenzangu mmoja kwenye shule yetu alipata kumi na mbili kwa mia, akafunga tranka siku hiyo hiyo, na hakurudi. Wewe ukipata hiyo kumi na mbili, nipigie. Usimpigie mama yako kwanza, atalia na utaona umeonewa. Mengine ni ya kawaida. Usilale na viatu nje. Desa la mtu, yaani notisi zake, likope na ulirudishe siku uliyosema. Mkubwa akikutuma, nenda, lakini akitaka kukuonea, mwambie mlezi wa bweni mapema, usingoje muhula uishe. Na ukisikia mwenzako anazungumza Kisukuma, Kiha au Kinyamwezi, muulize neno moja kila siku. Mimi Kikinga cha Makete ninachojua kinatosha kumsalimu mama yake yule rafiki yangu, na kila nikipiga simu yule mama anaita majirani waje wasikie.

Tranka langu nimelipiga rangi upya na nimelituma kwa basi la kesho. Jina langu nimelifuta kwa msasa, ila ukiliinamisha kwenye mwanga bado linasomeka. Kufuli lina funguo mbili, mmoja mwachie mama. Ile barua ya kurasa tatu nimeibandika ndani ya kifuniko, isome ukitaka.

Ndani nimekuwekea mablanketi mawili. Usiku wa Tabora mwezi wa saba una baridi kidogo, na moja litakutosha. Hilo la pili, kabla ya wiki ya kwanza kwisha utakuwa umeshamjua mwenyewe.

Mjomba wako