Barua kwa Mwanangu: Lugha Moja Motoni, Nyingine Majivuni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima. Baba yako anakusalimu na anauliza kama bado unakesha. Nimemwambia akuulize mwenyewe.

Picha ya ratiba yako niliipata. Niliikuza kwenye simu mpaka nikasoma maandishi madogo ya pembeni: Kifaransa dakika 20, Kihispania dakika 20, Kireno dakika 20, Kiarabu dakika 20, Kijapani dakika 20, kila siku, bila kuruka. Rangi tano. Inapendeza kuitazama. Kisha chini yake umeandika kwamba wiki mbili zimepita hujagusa hata lugha moja, na kwamba labda wewe si mtu wa lugha. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonikalisha niandike barua, maana ujumbe wa simu usingetosha.

Usidhani nataka kukwambia mshika mbili moja humponyoka. Methali hiyo nimeambiwa miaka yote, na mara nyingi na watu ambao hawakuwahi kushika hata hiyo moja. Mimi ninazo tatu za kujisomea, na iliyoniponyoka nimeifuata nikaishika tena. Ratiba yako haina kosa la wingi. Kosa lake ni kwamba umezipa lugha zote tano kazi ileile.

Tupige hesabu. Dakika 20 kwa siku ni kama saa 120 kwa mwaka, tena kama hukuugua wala hukusafiri. Taasisi inayowafundisha wanadiplomasia wa Marekani imezipanga lugha kwa muda anaouhitaji mzungumzaji wa Kiingereza ili aweze kuifanyia kazi lugha hiyo. Kihispania wamekipa wiki 30 hivi, Kiswahili chetu wiki 36, Kiarabu na Kijapani wiki 88, ambazo ni kama saa 2,200 za darasani. Gawanya 2,200 kwa 120. Miaka 18, mwanangu, na hao wana mwalimu mbele yao na mshahara mwisho wa mwezi. Najua hesabu yao si yetu moja kwa moja, kwa sababu sisi hatuanzi Kiarabu mikono mitupu, na hilo nitalirudia. Lakini sasa unaona kwa nini ulichoka. Ulikuwa unafanya kazi kila siku na huoni kitu kikisogea. Mtu akifika hapo huacha, na hapo usijiite mvivu.

Nikusimulie yaliyonipata. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu wa Kihispania, nimeanza kukionea raha, nikaona Kireno ni ndugu yake, basi nikakichukua hapohapo. Nilijiambia nitalipa nauli moja nifike miji miwili. Miezi minne baadaye akaja mgeni kazini, mzungumzaji wa Kireno, tukala naye mchana. Nikataka kukisifia chakula. Kwa Kihispania kitu kitamu sana ni exquisito. Nikalitafuta la Kireno, likaja esquisito, nikalisema kwa sauti na tabasamu. Yule bwana akaweka uma chini, akaitazama sahani yake, kisha akanitazama mimi. Kwa Kireno esquisito ni kitu cha ajabu, kitu kisichoeleweka eleweka. Nilikuwa nimemwambia mgeni kwamba chakula anachokila kina walakini.

Alicheka, nami nikacheka. Ila usiku sikulala vizuri, na si kwa aibu. Kilichonishangaza ni kwamba nilipokwama, Kiswahili hakikunijia hata kidogo. Kilichokuja ni Kihispania. Ni kama kichwani kuna chumba kimoja kilichoandikwa mlangoni "lugha za watu", na zote zinalala humo zikipigania blanketi. Lugha zinazofanana, zote zikiwa changa, huumizana kuliko zisizofanana. Tazama neno hili moja: kwa Kihispania salir ni kutoka, kwa Kiitaliano salire ni kupanda juu, kwa Kifaransa salir ni kuchafua. Au burro, ambaye kwa Wahispania ni punda na kwa Waitaliano ni siagi. Ukishaikomaza moja, tofauti hizi zinakuwa mzaha wa kuchekesha. Ukiwa bado unazipapasa zote, ni matope.

Kwa hiyo nimejifunza kuzigawa hivi: lugha moja iko motoni, nyingine ziko majivuni. Ya motoni ndiyo ninayoisoma: ina kitabu cha sarufi, ina maneno mapya, ina muda wangu mzuri wa siku, angalau saa nzima. Za majivuni ni makaa yaliyofunikwa. Siyapulizi, siongezi kuni, nahakikisha tu hayazimiki. Siku nikiyahitaji nafukua, napuliza kidogo, moto unawaka.

Usifikiri wazo hili nimelibuni mwenyewe kwa sababu ya uzee. Kulikuwa na mama mmoja wa Hungaria, Kató Lomb, aliyezaliwa 1909 na kufariki 2003. Alisomea kemia na fizikia, kisha akaja kuwa mkalimani, na lugha nyingi alijifunza kwa kujisomea. Watu wakimtaja hutaja lugha 16 na kuishia hapo. Lakini yeye mwenyewe alizigawa kwa mafungu. Zilizokuwa hai ndani yake wakati wote, zikisubiri kuitwa, zilikuwa chache: Kirusi, Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, pamoja na Kihungari chake. Nyingine, kama Kiitaliano, Kihispania, Kijapani, Kichina na Kipolandi, alihitaji angalau nusu siku ya kuzipasha kabla ya kuzitumia. Na zilizobaki alizijua kwa kazi ya kutafsiri tu. Mkalimani wa kulipwa, anapasha nusu siku! Na wewe unajilaumu kwamba Kihispania chako kimepata kutu ndani ya wiki mbili.

Kuhusu hiyo kutu, lipo jambo watu hulisema nusu. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akaziacha, kisha akazikariri upya huku akipima muda. Alipozirudia baada ya siku moja, alikuwa ameokoa kama theluthi tu ya kazi ya mwanzo. Ndiyo sehemu inayonukuliwa, ya kwamba binadamu husahau upesi. Lakini aliporudi baada ya mwezi mzima bado alikuwa ameokoa kama moja ya tano. Maporomoko yako siku ya kwanza. Baada ya hapo ni mteremko mdogo. Tena hizo zilikuwa silabi tupu, si maneno uliyoyasikia katika habari na hadithi. Kihispania chako hakijaondoka. Kifukue uone.

Sasa tuiangalie orodha yako.

Kifaransa na Kihispania vimekomaa vya kutosha kuwekwa majivuni. Kipimo changu ni kimoja: fungua ukurasa wa kitu unachotaka kukijua kweli, si zoezi, usome mpaka chini. Ukifungua kamusi mara mbili tatu, makaa yanashika moto. Ukifungua kila mstari, bado ni kuni mbichi, na kuni mbichi ukizifukia utakuta zimezimika.

Kireno kiache. Sisemi ukizike, nasema usikianze mpaka Kihispania kisikupe tena shida. Hujapoteza kitu, kwa sababu wiki tatu za salamu hazina cha kutunza. Utakapokirudia utashangaa kinavyokuja haraka, na bandeira yao utaikuta ni bendera yetu ileile.

Inabaki Kiarabu na Kijapani, na hapo sichagui mimi. Nitakupa tu maoni. Kijapani kwa ulimi wetu hakina taabu, irabu ni zetu tano zilezile, na herufi 46 za sauti, hiragana, umenionyesha umezimaliza. Mlima uko kwenye kanji, zile alama zenye asili ya Kichina: orodha rasmi ya zile za matumizi ya kawaida ina 2,136, na hizo zinadai mkono kila siku. Kiarabu nacho, nusu ya mizigo umeshabebewa na Kiswahili. Kitabu, katibu na maktaba ni mzizi mmoja, k-t-b, na ukishaiona njia hiyo utaanza kuyavua maneno ya Kiswahili nguo uone mifupa yake. Ila usijiamini sana. Katiba unayoijua wewe, wao hawaiiti hivyo. Kwao neno linalotamkwa karibu na hilo ni kikosi cha askari, na katiba ni dustur, neno ambalo kwetu tumelifanya desturi. Mimi ningekuwa wewe ningechagua Kiarabu. Lakini lugha ya motoni lazima iwe ile utakayoikosa usipoisoma, na ya kwako siijui.

Chagua moja, uipe miezi sita. Nyingine ifunge kwenye boksi bila kuilaumu wala kujilaumu.

Ukichagua Kiarabu, nakupa ujanja mmoja ambao ulinisaidia kuliko mwingine wowote: tafuta kitabu cha sarufi ya Kiarabu kilichoandikwa kwa Kifaransa. Maelezo utayasoma kwa Kifaransa, na maana za maneno utaandika kwa Kifaransa. Siku za mwanzo utapiga hatua za kobe. Baada ya mwezi utagundua Kifaransa chako kimetunzika chenyewe, bila dakika hata moja kwenye ratiba.

Kihispania kitafutie kazi isiyodai meza. Mimi changu kinaishi kwenye sinki. Naosha vyombo nikisikiliza taarifa ya habari, dakika 15, na sifuatilii kila neno. Nikisikia sentensi iliyonivutia nairudia kwa sauti, povu mkononi. Baba yako alishazoea. Kusoma kwa sauti ni dawa, usione haya. Heinrich Schliemann, yule mfanyabiashara Mjerumani aliyekuja kuuchimba mji wa kale wa Troya, alisimulia kwamba alipokuwa akijifunza Kirusi huko Amsterdam alimlipa mzee mmoja aje kila jioni kumsikiliza akighani, na mzee wa watu hajui neno la Kirusi. Kelele zikawachosha wapangaji, akalazimika kuhama mara mbili. Alikuwa mtu wa kuongeza chumvi, basi usimwamini kwa kila neno, lakini hilo la kumlipa msikilizaji mimi nalielewa kabisa.

Kadi za kukariri maneno je? Najua una programu inayokuhesabia siku mfululizo, na najua ulipofika siku ya 140 ukaikosa moja ulinuna. Hiyo hesabu iondoe isionekane. Inapima uaminifu wako kwa simu. Wazo la kadi lenyewe ni zuri na ni la zamani: mwandishi wa habari Sebastian Leitner alilieleza mwaka 1972 kwa sanduku la kawaida lenye vyumba. Kadi uliyoijua inasogea chumba cha mbele, ambako utaiona baada ya siku nyingi zaidi. Uliyoikosa inarudi chumba cha kwanza. Programu kama Anki hufanya kazi kwa wazo hilohilo, ikikupigia hesabu. Lakini sikiliza: kadi mpya ni za lugha ya motoni peke yake. Za majivuni unapitia ulizonazo, huongezi hata moja. Hapo ndipo wengi tunapozama. Tunaongeza maneno kumi kumi kwa lugha tano, baada ya mwezi asubuhi moja unakuta kadi 400 zinakusubiri, unafunga simu, hurudi tena. Na kadi isiwe na neno tupu. Iandike sentensi nzima ulikolikuta, neno lina jirani zake.

Siku mbaya zitakuja: mitihani, homa, majonzi, au kutotaka tu. Siku hizo lugha ya motoni ipe dakika tano na za majivuni uzisahau kabisa. Zitangoja. Mimi Kihispania nilikiacha mwaka mzima ulipozaliwa, na nilipokirudia wiki ya kwanza ilikuwa ya kung'atang'ata maneno, ya pili nikaanza kucheka kwenye vichekesho.

Nimekupakilia sanduku langu la kadi. Si kwa ajili ya maneno, yako mengi tu kwenye simu yako, ila uone mwandiko wa mtu aliyechanganyikiwa. Kadi ya esquisito iko chumba cha mwisho, ina doa la chai. Hiyo usiitoe.

Jumapili nipigie, unijulishe ni Kiarabu au Kijapani. Tutaongea Kihispania dakika kumi za kwanza, bila kamusi, na atakayeponyokwa na neno la Kiswahili kwanza ndiye atakayempigia shangazi kumweleza kwa nini wote wawili tumekuwa kimya mwezi mzima.

Mama yako

Baba ameisoma barua hii, anasema na yeye anataka kuanza Kituruki, kwa sababu ameambiwa dakika kwao ni dakika na saa ni saat. Nimempa daftari.